Wamelala

Annegret, shoga, nimewaua.

Wadudu wa mama mkwe, ule utitiri unaoivisha jibini. Kisanduku kizima, ukoo uliotoka kwa bibi yake. Na leo ndiyo sikukuu yenyewe ya jibini!

Aliniambia, "Hebu nishikie, mkwe." Nikakiacha garini, juani, vioo vimefungwa, nikaenda kununua soseji. Soseji, Annegret!

Jukwaani meya akakiinamia kisanduku na kioo cha kukuzia. "Mama Friedlinde, mbona hawatembei?"

Mama mkwe akachungulia. Akaniangalia mimi. Akashika kipaza sauti, akasema, "Wamelala."

Wamelala! Sasa mji mzima unanong'ona. Meya kashuka ngazi akinyata, na bendi inapuliza kama iko msibani.

Nikamfuata mama mkwe nyuma ya jukwaa kumwomba radhi. Akanikatiza: "Kamwombe Annegret kijiko kimoja cha wadudu wa mama yake."

Nikasema, "Mama, si wewe na mama yake hamsemezani mwaka wa ishirini huu?"

"Ni wangu hao. Aliniibia. Unadhani hatusemezani kwa nini?"

Basi, shoga, mama yako akisinzia tu, chota. Na usinipigie simu, andika. Huku wamelala.