Msivunje Chungu kwa Ajili Yangu

Bweni la Wanafunzi wa Uganga wa Hospitali,
Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mvua imefika Nduruma, au bado mnautazama mlima tu? Mimi mwili ni mzima, ila situlii. Nakaa, nasimama, naandika mstari, natoka nje, narudi.

Kaka Zakaria, wewe unayemsomea Mama, soma kama nilivyoandika. Usiruke.

Nimesikia mnataka kuvunja chungu, ili laana impate aliyenifunga kichwa nikashindwa mtihani, na kwamba mnamshuku Baba mdogo. Mama, hakuna aliyenifunga! Bwana Daktari, yule Mwingereza anayetufundisha, alinionyesha mfupa akaniuliza jina lake. Mfupa wenyewe naujua kama njia ya Usa River. Moyo ukaanza kunienda mbio, mikono ikaloa jasho, jina likapotea. Nilipotoka nje tu, likarudi. Nililia kwa hasira.

Baadaye yeye mwenyewe alinieleza. Juu ya figo kuna tezi ndogo. Mtu akiogopa, tezi hizo humwaga maji yake katika damu, ili apate nguvu za kukimbia au kupigana. Miguu inapata nguvu, lakini kichwani kumbukumbu inagoma. Na hofu ikikaa siku nyingi, usingizi unakwisha na akili inachoka. Nikamkumbuka ng'ombe wetu mwekundu. Mbwa akimtisha unapomkamua, maziwa hayashuki ng'o, na kiwele kimejaa. Hujawahi kusema amerogwa, Mama. Unampapasa, unamwimbia, unangoja.

Nimeruhusiwa kujaribu tena wiki ijayo. Nikishindwa narudishwa nyumbani, na ninaogopa, siwafichi. Lakini chungu hicho nakiogopa zaidi. Baba mdogo ndiye aliyenibebea sanduku hadi kwenye basi. Mkimsimamisha mbele ya wazee atatokwa jasho, atababaika, atasahau hata jana alilala wapi. Nanyi mtasema, "Si mnaona? Ndiye!" Mtakuwa mmempoteza mtu bure, na mimi sitakuwa na uso wa kurudi huko, hata nikifaulu.

Nisalimie Bibi, shemeji yangu mke wa Kaka, na mchungaji wetu. Niombeeni.

Kaka, ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa Baba mdogo umsomee barua hii yote, mwanzo hadi mwisho. Nataka aisikie kwa sauti yako.

Mwanao anayekupenda,
Elisante