Moyo wa Rafu za Maktaba

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua unapopiga randa. Mwambie Mama nimezipata salamu zake na sijakonda tena. Nikikonda zaidi ya hapa nitapita chini ya mlango. Mimi sijambo, na leo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Baba, umeshinda! Naanza na habari yenyewe kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote kuitafuta. Mkuu wa maktaba, yule aliyetangaza mbele ya watu kwamba rafu zako ni mbao hafifu ulizozipaka rangi zifanane na ule mti mwekundu aliouagiza, jana alishika karatasi ya maabara yetu, akaisoma mara mbili, kisha akaomba maji ya kunywa. Rafu hazirudishwi. Ijumaa atakuja mwenyewe karakana kukuomba radhi mbele ya mafundi wenzako, wale wale waliokucheka. Usimpe kile kigoda kibovu akalie. Haya, mpe.

Ilikuwa hivi. Tulitoboa rafu tatu kwa chini, mkuu akiwa amesimama hapo hapo, asije akasema tumebadilisha. Unga wa mbao tukauchanganya na mchanga safi usigandamane, tukaushindilia ndani ya mrija wa chuma. Mashine ikasukuma spiriti ya moto humo kwa presha kubwa. Ni kama sufuria ya presha ya Mama: spiriti inapita joto lake la kuchemka lakini haigeuki mvuke, kwa hiyo inapenya mbao na kuvuta kila kilichojificha. Zamani kazi hiyo ilikula siku nzima, sasa ni robo saa. Spiriti ilitoka nyekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Tulipoipima, kemikali zote ambazo mti ule hujitengenezea kujikinga na wadudu zilikuwemo, moja baada ya nyingine. Rangi ya kupaka, hata chembe! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna moto.

Sasa Baba, kaa kitako, maana lililobaki ni zito kwangu kuliandika.

Hicho kilikuwa kipimo cha pili. Cha kwanza nilikifanya peke yangu wiki tatu kabla, kwa kipande nilichookota karakana kwako bila kukuambia. Msumeno wetu ni butu, nikakata pembeni, ile sehemu nyeupe iliyo karibu na gome, kwa kuwa ni laini. Spiriti ikatoka haina rangi, kama maji. Nikapima, hakuna kitu. Na mimi nikaamini. Nilimwamini mkuu wa maktaba, Baba, sikukuamini wewe. Ulipopiga simu Jumapili ile niliiacha iite mpaka ikanyamaza, halafu nikamwambia Mama nina kazi nyingi.

Aliyeniokoa ni mzee wa mashine zetu, tunayemwita Babu Presha. Alikiona kile kipande mezani, akaniuliza mimi ni mtoto wa seremala gani nisiyejua kwamba nguvu ya mti iko moyoni, na kwamba fundi wa kweli huikata ile nyeupe akaitupa. Nilishikwa na aibu nikatamani ardhi ipasuke. Kipande kile nilikiokota kwenye takataka zako. Nilikuwa nimekupima kwa kile ulichokikataa.

Kwa wiki tatu nilikuona mwongo, kumbe mwongo ni mimi niliyekuwa na kazi nyingi. Nisamehe, Baba. Ijumaa nitakuja nami. Mkuu akishamaliza kuomba radhi, asiinuke haraka mtu yeyote; zamu inayofuata ni yangu, na nitaisema mbele ya mafundi hao hao.

Nisalimie Mama, wadogo zangu na kila atakayekuuliza habari zangu. Mola akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kimbaumbau