Swichi Mbili Nilizomfungia Mama Bumula

Mama Wanjiru,

Cheka kwanza, nitakungoja. Nimefunga swichi za stima. Mbili! Kwa mikono hii hii uliyosema imeumbwa kushika chaki tu. Zinafanya kazi, na hakuna aliyerushwa, ingawa ndugu yako Wafula alikaribia kuzirai kwa woga.

Ni miezi saba tangu tukuzike hapa nyuma ya nyumba, na katika miezi hiyo sikuwa nimekanyaga kwenu Bumula hata mara moja. Si kwamba sikutaka. Sikujua naenda kama nani. Mtu huwa mkwe kwa sababu ya mke. Mke akiondoka, huyo mtu anapiga hodi akisema yeye ni nani? Mwalimu wa fizikia kutoka Kitale? Wanjiru akipiga simu kutoka chuo kuniuliza kama nimeenda kumwona nyanya yake, namwambia niko bize. Bize na nini, bana. Hata kuku walijua nadanganya.

Halafu Wafula akapiga: "Mwalimu, mama ameanguka." Alikuwa anapapasa ukuta alfajiri akitafuta swichi kwenye ile korido isiyo na dirisha. Nyonga haikuvunjika, ilivimba tu. Na tangu atolewe mtoto wa jicho, taa ya chumbani humchoma macho, kwa hiyo haiwashi kabisa. Giza huku, giza kule.

Nikasema, hii naiweza. Koridoni nitaweka swichi ya sensa, ile inayowasha taa yenyewe ikiona mtu anasogea. Chumbani nitaweka ya kuzungusha, inayopunguza mwanga mpaka uwe kama wa kibatari. Ningeweza kutuma fundi. Lakini basi fundi ndiye angekuwa amekwenda kwenu, na mimi ningebaki hapa na kuku.

Nilijaribu kwanza sebuleni kwetu. Nikafunga ile ya kuzungusha, nikazungusha, balbu ikaanza kupepesa kama disko ya Krismasi. Nikarudi dukani kugomba. Muuzaji akanitazama kwa huruma: "Mwalimu, swichi haina shida. Balbu yako ndiyo haikubali kupunguzwa. Si imeandikwa kwa pakiti?" Miaka ishirini na miwili nafundisha mkondo wa umeme, na sijawahi kusoma pakiti ya balbu. Nilikusikia kabisa: "Stima unaijua ubaoni, mume wangu."

Kilichonitisha zaidi ya stima ni mama. Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka? Nikamwona, nikanyoosha mkono kwa furaha kama mgombea wa udiwani, naye akajifunika leso usoni akakimbilia migombani. Nikadhani amenichukia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, ndipo ukanieleza kwamba kwenu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na huko kukimbia ndiko heshima. Tangu hapo nimemjua mama kama sauti nyuma ya ukuta na kisigino kinachopotelea konani.

Sasa Wafula ananiambia, "Ingia tu, Mwalimu. Mama amezeeka, hayo mambo yameisha." Alidhani ananitia moyo. Alinimaliza. Kwa maana nikifika na mama asinikimbie, basi mimi si mkwe tena. Ni mtu tu amekuja, kama muuza sufuria.

Nilipoingia uani, nikasikia mlango wa jikoni ukifungwa. Sikujua kama ni kwa ajili yangu au ni upepo.

Chumbani kwa mama sikuingia, aseme Wafula atakavyosema. Nilizima meni, ile swichi kuu ya nyumba, nikapima na testa mara tatu, nikamtuma yeye ndani na bisibisi. Mimi nikasimama koridoni nimeupa mlango mgongo, namwelekeza.

"Waya ni mbili. Nishike gani?"

Yoyote, nimezima.

"Una uhakika?"

Nina uhakika.

"Uhakika wa mwalimu ama wa fundi?"

Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Wewe Wafula! Mwanaume mzima unatetemekea plastiki!"

Kazi ya dakika kumi ikatuchukua saa nzima. Ilipokwisha, Wafula akaenda kunawa jasho.

Ile ya korido niliifunga mwenyewe. Nikaiwekea muda mfupi wa majaribio, sekunde kumi, nione kama itazima mtu akitulia. Nikawasha meni, nikasimama kimya. Ikazima. Nikafurahi peke yangu gizani. Halafu ikawaka, na mimi sikuwa nimesogea.

Alikuwa mama. Aliingilia mlango wa nyuma na mkongojo wake, akidhani tumetoka. Hatua mbili baina yetu, na mwanga umetumwagikia wote. Nasimiyu, ana pua yako. Miaka yote hiyo, na sikujua ana pua yako. Leso ilikuwa begani, lakini mkono mmoja ulishika mkongojo na mwingine ukuta, hakuwa na wa kuiinua. Tukaganda. Tuliganda kwa aibu mpaka taa ikaamini hakuna mtu, ikazima.

Nikangoja nisikie akirudi nyuma. Hakurudi.

"Usisogee, mkwe," akasema polepole. "Itawaka."

Sikusogea.

"Umekonda. Nani anakupikia?"

Najipikia, Mama.

"Nasimiyu aliniambia ugali yako ni uji."

Kumbe ulinisema! Nikabana mbavu nisicheke.

Akashusha sauti. "Nilifikiri hutarudi."

Nikamwambia ukweli, kwamba sikujua kama bado mimi ni mkwe wa mtu.

"Tulizika mtoto wangu," akasema. "Ukwe, nani aliuzika?"

Machozi yalinishuka mpaka kidevuni na sikuweza kuyapangusa, kwa sababu ya sensa.

"Haya, geuka uangalie ukuta, nipite."

Nikageuka. Taa ikawaka, na mkongojo ukapita taratibu nyuma ya mgongo wangu.

Kabla ya kuondoka niliiongeza ile taa hadi dakika tano, ili isimwache gizani. Nikarudi Kitale. Sitakuficha, nyumba bado ni kubwa mno, na jioni bado natoa vikombe viwili kabatini kabla ya kukumbuka.

Lakini jana Wafula alipiga simu, amechanganyikiwa. Ati mama anauliza, siku nikija tena, naweza kuirudisha taa kwenye zile sekunde kumi? "Ya nini, Mwalimu? Si ataanguka?" Nikamwambia ni mambo ya fizikia.

Pumzika, mke wangu. Nakuahidi nitakwenda, na nitairudisha. Nitasimama pale koridoni gizani bila kusogea, mpaka mama amalize kuniuliza yote.

Mwalimu wako