Maziwa Kwenye Mnyororo

Alhamisi, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi la mtaa wetu wa Chechelesi limeingia mpaka kwenye sukari. Mama hajanisemesha tangu adhuhuri.

Wanaosoma blogu hii wanajua vita vyangu vya maegesho. Ploti yetu ina ua wa miba, nafasi ya kupitisha gari na mwarobaini mmoja wenye kivuli kizuri. Nusu ya mji iliamua kivuli hicho ni cha umma. Nimegombana na madereva, na wenye maduka, hata na mheshimiwa mmoja ambaye dereva wake aliniuliza kama mti niliuzaa mimi. Mwezi uliopita Mama alikosa kliniki kwa sababu Probox ya mtu tusiyemjua ilikuwa imetuziba, na mwenyewe yuko mnadani anachagua mbuzi.

Nikafunga mnyororo kati ya nguzo mbili. Nikaandika kibao kwa rangi nyekundu: GARI LISILO LA MKAZI LITAVUTWA.

Bado nasema nilikuwa na haki.

Lakini jana alikuja Abuya Halake. Ndivyo tunavyomwita mjomba, na huyu ndiye kaka pekee aliyembakia Mama. Anaishi Sericho. Akileta mbuzi mjini, pikapu yake huingia chini ya mwarobaini, anatawadha, anaswali, kisha yeye na Mama wanakunywa chai mpaka jua lipoe. Hapigi simu. Kwetu mtu hapigi simu kuomba nafasi nyumbani kwa dada yake. Mama husikia matairi kwenye changarawe na chai inabandikwa motoni kabla injini haijazimwa.

Jana matairi hayakuingia. Mama alikuwa ndani, mimi nilikuwa kijijini Gotu kwenye mkutano wa baraza, nikiwafokea watu kuhusu malisho. Niliporudi nilikuta mtungi mdogo umefungwa kwenye mnyororo. Nikadhani ni wa mchuuzi wa maziwa. Nikaupita, nikinung'unika kwamba sasa wametufanya stendi.

Leo Mama Kendi, mwenye duka ng'ambo ya barabara, aliuleta ndani.

"Wario, haya maziwa ya mzee wenu mtayaacha juani mpaka lini?"

Mama aliuona mtungi, akaujua.

"Alisimama hapo kwa mnyororo," Mama Kendi akasema. "Nikamwambia apige hodi, akakataa. Akaniuliza kibao kinasema nini, nikamsomea. Akauliza nani ameandika, nikamwambia ni wewe. Akasema, 'Kijana wetu amesoma sana.' Akafunga maziwa, akaenda." Kisha akanitazama. "Si ulitaka magari yaishe? Yameisha."

Mnyororo ule hata mbuzi huuruka; yeye hakuuvuka.

Mama hajui kusoma. Nilikuwa nimemwambia kibao ni cha kumfukuza yule wa Probox. Akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akaniambia nisome tena.

"Na gari la Halake ni la nani?" akauliza.

Mimi ambaye sijawahi kushindwa na mjadala wowote katika mji huu, nilitoa simu mfukoni.

Nimepiga simu ya Abuya mara kadhaa. Haipatikani, pengine yuko njiani, pengine amefika na mtandao hakuna. Nimemwambia Mama nitaendelea kujaribu. Ndipo aliposema maneno yake ya mwisho kwangu leo: "Usimpigie. Nenda." Wote wawili wamezeeka. Pikapu ile ndiyo njia pekee ya wao kuonana, na barabara ya Sericho si rahisi kwa mzee aliyevunjika moyo.

Maziwa yameganda. Mama ameyanywa hivyo hivyo, peke yake, kikombe kimoja, akiangalia nje.

Kibao nimekipasua kuni. Mnyororo nimeushusha. Alfajiri naelekea Sericho, na njia nzima nitakuwa natafuta la kumwambia mzee asiyependa maelezo. Nitaanza na salaam. Baada ya hapo sijui.

Nikiandika haya, Probox nisiyoijua imeingia na kuegeshwa chini ya mwarobaini, pale pale pa Abuya.

Sijatoka kuuliza ni ya nani.