Pua ya Mfalme kwenye Mkufu wa Bibi

Kasingirima, Ujiji

Mdogo wangu Mwanaidi,

Shikamoo uliyomtuma mwanao aniletee kwa simu imefika, marahaba sana. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unashuka ngazi kinyumenyume? Sisi huku wazima. Ziwa limechafuka, dagaa wameadimika, ila migebuka ya Ilagala inatufikia. Haya yote ningeyasema kwa simu, lakini humu ndani ya bahasha nimetia karatasi ambayo lazima uishike kwa mkono wako.

Unaukumbuka mkufu wa wifi yako Asha, wenye sarafu kubwa ya fedha? Katika ukoo wao kila bi harusi huuvaa. Wiki ya harusi wanawake huisugua sarafu kwa jivu na ndimu huku wakiimba, kisha mkubwa wao huubusu uso uliomo. Wanasema ni uso wa bibi yao aliyevuka ziwa kutoka Manyema. Mimi, kwa kujifanya msomi, nilidhani ni yule malkia wa Kizungu wa reale ya Sham, ile sarafu ya fedha ya biashara za zamani, nikanyamaza miaka yote kulinda ndoa yangu.

Sasa mjukuu wetu Rehema ameolewa. Siku ya kuleta mahari, shangazi wa bwana harusi aliushika mkufu, akaugeuzageuza. "Jamani, bi harusi mnamvisha kifuniko cha sufuria?" Watu wakacheka. Asha hakucheka. Usiku ule hakula, na asubuhi akasema sarafu anaipeleka kwa sonara mjini iyeyushwe, Rehema atengenezewe hereni. "Siwezi kumsikia Bibi akitukanwa tena."

Nikamwomba anipe asubuhi moja tu. Nikakaa kizingitini, jua likiwa bado chini, na lenzi yangu ya kusomea magazeti. Pande zote mbili zilikuwa laini kama kipande cha sabuni. Nikaanza na ukingo, maana jivu halifiki sana huko. Reale ya Sham ina maandishi ukingoni. Hii haikuwa nayo. Ilikuwa na viduara na vijisanduku vikifuatana. Nikaweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli kwa ulazo, polepole. Upande mmoja zikajitokeza nguzo mbili, na katikati ngao yenye taji. Ndiyo ile ambayo wazee wetu Pangani waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa waliziona nguzo zile kama mizinga. Karibu na ukingo kuna M yenye kiduara kidogo juu yake: ndiyo alama ya Meksiko, enzi ilipotawaliwa na Hispania. Upande wa pili kuna shada la majani kichwani, pua ndefu, na mabaki ya jina, LUS. Ni mfalme Karoli, Carolus kwa Kilatini. Wa tatu au wa nne, sithubutu kusema, mwaka umefutika.

Hapo nikakwama. Nikisema kweli, sarafu inapona na Bibi anakufa. Nikinyamaza, inaingia motoni.

Nilimkuta Asha akipepeta mchele. "Ni fedha safi," nikamwambia. "Imevuka bahari mbili kuja hapa."

"Si nilijua! Na Bibi?"

"Bibi ni mwanamume."

Ungo ukasimama. "Mwanamume gani?"

"Mfalme wa Hispania. Ana pua."

"Yaani miaka yote nambusu mwanamume asiye maharimu yangu, na wewe umekaa humu ndani unatazama?"

"Hata mama yako alimbusu."

"Na marehemu bibi!" Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akapitisha kidole juu ya sarafu. "Sasa Bibi wangu yuko wapi?"

"Mfalme alikuwa na macho, nywele na jina kamili," nikasema. "Nani kamfuta?"

"Sisi."

"Basi hapo palipolainika ndipo walipo bibi zako wote."

"Mwalimu, usinifundishie nyumbani kwangu," akasema, lakini mkufu akaurudisha sandukuni. Kwa sonara hakwenda.

Harusini alimkabili yule shangazi. "Hii imepigwa Meksiko. Sufuria zenu zimepigwa wapi?" Yule mama akacheka mwenyewe, akaomba aishike tena, na kabla ya biriani kuisha alikuwa ameshauomba mkufu kwa ajili ya binti yake.

Sasa itoe ile reale ya mama yetu uliyobaki nayo. Pitisha ukucha ukingoni. Ukikuta viduara na vijisanduku, ni ndugu ya hii, na huenda zilishuka pwani pamoja, moja ikabaki kwenu na nyingine ikapanda bara, kama sisi wawili. Usiisugue!

Nisalimie shemeji yangu na ukumbi wake wa bao, na mama mdogo kitandani pake. Mwambie nyimbo zake za unyago Rehema alizicheza zote. Wajukuu wabusu, hao ni maharimu.

Ni mimi kaka yako uliyewaazima watu wa bara, hujarudishiwa,
Hamisi

Nilikuwa sijafunga bahasha nilipomkuta Asha uani na jivu na mkufu. "Unausugua tena?" nikamuuliza.

"Namalizia pua tu," akasema.

Nikamsogezea ndimu. Kwa hiyo, karatasi hii ya penseli itunze. Mfalme hana picha nyingine.