Kipande cha Ini Lako Kilichobaki Kisumu

Baba,

Kukuuliza hali ni upuuzi, na kutokukuuliza ni utovu wa adabu, nawe unajua nilivyolelewa. Basi pokea salamu tu.

Mpunga wako wa Ahero umevunwa. Maji ya mafuriko yalifika mlangoni yakarudi. Mimi bado niko chuoni Maseno nasomea biolojia, masomo uliyokuwa ukiwatambia majirani: "Huyu anasoma vitu hazionekani." Nilikuwa nimechanganyikiwa hata wakati ule. Sasa nimechanganyikiwa zaidi, na wa kulaumiwa ni wewe.

Unakumbuka ile siku daktari wa Kisumu alipokuchoma sindano ya kutoa nyama ya ini? Aliomba kipande kimoja kibaki kwenye friji yao kwa ajili ya utafiti. Ukasema, "Chukua tu, daktari, hiyo ini imenisumbua ya kutosha." Tukacheka, hata Mama. Jioni hiyohiyo ukaniita Atieno, jina la dada yako aliyekufa kabla sijazaliwa, ukaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Daktari akatueleza kwamba ini likishindwa kazi, sumu hupanda kichwani na mgonjwa huanza kuchanganya mambo.

Tangu tukuzike, Mama ana neno moja tu: "Baba yenu hajarudi wote." Baba mdogo alipendekeza tuzike yago, lile tunda refu tunalozika badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Mama akamkata kauli. "Yago ni ya mtu amepotea. Huyu hajapotea, friji tunaijua."

Nilijaribu kumweleza Mama kinachotafutwa humo. Seli hupokea ishara kutoka nje: kua, gawanyika, tulia. Ishara hupokezanwa na protini hadi zifike kwenye jeni, na jeni hutoa nakala iitwayo RNA, yenye maagizo ya kutengeneza protini nyingine. Lakini zipo RNA zisizotengeneza protini yoyote. Zamani nyingi zilidhaniwa takataka. Kumbe baadhi yake huyanasa yale maagizo yasisomwe, kama ulivyokuwa ukifunga mfereji shamba likishashiba maji. Ipo moja ndogo ambayo ini lenye afya huwa nayo tele. Katika saratani nyingi za ini hupungua, na ishara ya kukua hukosa wa kuizuia.

Hapo ndipo nami napotea, Baba. Virusi vya homa ya ini vilikaa ndani yako miaka mingi kimyakimya. Je, walinzi hao, yaani zile RNA, walipungua ndipo saratani ikaanza, au saratani ndiyo iliyowapunguza? Mwalimu wangu anasema labda yote mawili. Majirani wanasema ulivunja mwiko, ni chira, laana ya mvunja mwiko. Angalau wao wana uhakika.

Kipande chako kingeweza kutuambia jambo. Ila ili kisomwe lazima kisagwe mpaka kiwe maji, na hapo hakuna tena cha kuzika. Daktari ni muungwana. Amesema tukikitaka atatupa, na anangoja neno langu, maana nyumbani wote wamenisukumia mimi, eti ndiye msomi.

Nataka kujua kilichokuua. Nataka mno. Kisha namsikia Mama: "Huyo alisema chukua hakuwa mzee wangu. Ilikuwa ugonjwa inaongea." Nilikuwepo, Baba, nilikutazama machoni, na siwezi kuapa kama ni wewe au ugonjwa. Kicheko kilikuwa chako kabisa. Lakini jioni mimi nilikuwa Atieno.

Ijumaa nakwenda Kisumu kukichukua. Mama amekwisha kuonyesha mahali pa kuchimba, ubavuni pako. Nakuahidi hakitasagwa. Nakuahidi pia kwamba sitaacha kusoma. Watakuwepo wagonjwa watakaokubali huku wakijua majina ya watoto wao, na kutoka kwao nitatafuta jibu hata kama si lako.

Mimi binti yako, Akinyi, nakuaga. Kama ni wewe uliyesema chukua, nisamehe kwa kukuvunjia neno. Kama hukuwa wewe, karibu nyumbani.