Nesi Aliyetetemeka

Mjukuu wangu Skola,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Kasense tunapumua. Baba yako anavuna ulezi na mdogo wako amepata kipaimara.

Unaniuliza kama woga wa kumkaribia mgonjwa huwa unaisha, maana mnaanza mafunzo ya wodini na wewe unataka kuacha chuo cha uuguzi. Ngoja nikueleze nilichokiona.

Nilikuwa msichana, tukiishi Milepa, kipindupindu kilipoingia. Mama yangu alilazwa kwenye darasa la shule lililogeuzwa wodi. Ndugu walileta uji, wakauacha mlangoni na kukimbia. Hakuna aliyeingia kumsalimia, na kwetu mtu asiposalimiwa anajiona ameshazikwa.

Mimi nilikuwa nachungulia dirishani. Akaja nesi kutoka mjini Sumbawanga, binti mdogo tu. Alisimama mlangoni akitetemeka, hata glavu zikamshinda kuvaa. Nikajua na huyu atakimbia. Badala yake akachuchumaa, akapiga makofi polepole, kama sisi Wafipa tunavyowaamkia wakubwa. Mama alikuwa hasemi tena, lakini alitoa mikono ndani ya shuka akaitikia kwa makofi. Ndipo yule binti akavaa glavu, akamwosha. Alitetemeka mpaka mwisho.

Mama hakupona. Ila alikufa amesalimiwa.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, sijui kama woga unaisha. Hata mimi ninao. Jumatatu baba yako ananipeleka hospitali, nina uvimbe kwenye titi. Namwomba Mungu atakayenipokea awe mwoga kama wewe, halafu asikimbie.

Ni mimi bibi yako.